Kupima kwa leza: mwongozo wa anayeanza

Maswali yanayonifikia kuhusu leza za kupimia ni yale yale. "Mbona inanipa namba tofauti kila nikibonyeza?" "Nimepiga kwenye kioo ikaandika kosa, imeharibika?" "Nilipima kwa mashine, sasa mbona kabati limepwaya?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja. Mwongozo huu ni wa leza ndogo ya mkononi, ile inayotoshana na simu nene na kutoa doa jekundu.

Shika hili kabla ya yote: leza hupima kutoka sehemu moja ya mwili wake hadi pale doa linapogonga, basi. Haijui ulitaka kupima nini. Ukielekeza doa kwenye pazia ukidhani ni ukuta, itakupa umbali wa pazia kwa usahihi wa milimita mbili.

Vitu vya kuwa navyo

- Leza yenyewe na betri zenye nguvu. Betri iliyochoka huleta vituko kabla haijazimika.
- Futi ya chuma ya mita 3 au 5. Usiitupe, utaihitaji kuikagua leza na kupima vitu vifupi.
- Kibao: kipande cha plaiwudi au kadibodi ngumu, bapa, cheupe kisichong'aa, ukubwa wa daftari. Nusu ya kazi za mwongozo huu inategemea kibao hiki.
- Pima maji ndogo.
- Stendi ya miguu mitatu, kama utapima zaidi ya mita 15 hivi. Mkono haujatulia kama unavyodhani.
- Daftari na penseli. Kumbukumbu ya leza ipo, lakini haikuambii namba ya tatu ilikuwa ya ukuta upi.

Inapimaje, kwa kifupi

Mwanga hukimbia mita 299,792,458 kwa sekunde mahali pasipo na hewa, na tangu 1983 urefu wa mita moja unatokana na namba hiyo. Ukijua mwanga umechukua muda gani kwenda na kurudi, umejua umbali. Ugumu ni kwamba ndani ya sehemu 1 ya bilioni ya sekunde mwanga umeshakwenda sentimita 30. Kutenganisha milimita moja na nyingine kunataka saa ya kuhesabu sehemu kama 7 za trilioni ya sekunde. Ndiyo maana leza nyingi za mkononi hutumia njia ya pembeni: hukoleza na kufifiza mwanga kwa mawimbi ya kasi sana, kisha hulinganisha wimbi lililotoka na lililorudi kuona limechelewa kiasi gani. Leica DISTO, ya kwanza ya kushika mkononi, iliingia sokoni mwaka 1993.

Ili hilo lifanyike, mwanga kidogo lazima utawanyike kutoka pale ulipogonga na kurudi kwenye lenzi. Ukuta wa rangi isiyong'aa hutawanya vizuri. Kioo hukupeleka kwingine kabisa. Ukishika hapo, matatizo mengi ya mwisho wa mwongozo utayatatua mwenyewe.

Hatua

1. Soma kibandiko cha usalama. Leza nyingi za kupimia ni za daraja la 2, nguvu isiyozidi miliwati 1. Doa likikupitia jichoni kwa bahati mbaya, utapepesa kabla ya kudhurika. Kulikodolea macho kwa makusudi ni jambo jingine, na kulitazama kupitia darubini ni hatari zaidi. Usilielekeze usoni kwa mtu, na ujue kwamba kigae kinachong'aa kinaweza kulirusha machoni kwa mwenzako aliye upande wa pili. Miwani myekundu inayouzwa pamoja na baadhi ya leza ni ya kukusaidia kuliona doa. Haikingi macho.

2. Chagua kipimo kinaanzia wapi. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Leza inaweza kuhesabu kuanzia kitakoni, kuanzia mbele, kuanzia kwenye ulimi mdogo unaokunjuka nyuma, na nyingine kuanzia kwenye tundu la stendi. Kwenye skrini kuna kipicha cha leza chenye mstari au mshale upande inakoanzia. Kawaida ikiwashwa huanza na kitako, lakini kuna zinazokumbuka ulivyoziacha jana.

Kabati langu la kwanza la ukutani lilipungua sentimita 11. Nilikuwa nimebana kitako ukutani kama inavyotakiwa, huku skrini ikionyesha kwamba inahesabu kuanzia mbele. Sentimita 11 ndio urefu wa leza yangu. Mbao zilikuwa zimeshakatwa zote. Siku hizi nikiona kazi imepungua au imezidi kwa sentimita 10, 11 au 12, siulizi mengine, naomba nione kipicha cha skrini.

Ulimi wa nyuma ni wa kuingiza kwenye kona au kwenye mfereji mwembamba, mahali ambapo kitako hakifiki. Leza nyingine hutambua zenyewe kwamba umeukunjua, nyingine lazima uziambie. Jaribu yako leo, kabla ya siku ya kazi.

3. Weka aina ya vipimo. Chagua mita zenye tarakimu tatu baada ya nukta, mfano 4.236. Hapo tarakimu ya mwisho ni milimita. Kama fundi wako anafanya kazi kwa futi na inchi, kubalianeni mapema lugha moja. Kugeuza kwa kichwa huku umepanda ngazi hakujamsaidia mtu.

4. Ikague leza kabla ya kuiamini. Tandaza futi ya chuma juu ya meza ndefu, simamisha kibao kwenye alama ya mita 2 kamili, weka kitako cha leza kwenye sifuri, piga mara tano. Namba zikicheza kati ya 1.998 na 2.002, huna tatizo. Leza nyingi huahidi kosa la milimita 1.5 hadi 3, nayo ni ahadi ya mazingira mazuri: shabaha nyeupe na mwanga hafifu. Ukiona ISO 16331-1 kwenye karatasi yake, maana yake usahihi na masafa vilipimwa kwa utaratibu unaojulikana, si kwa makadirio ya muuzaji.

Kama futi yenyewe huiamini, kuna ujanja wa wapima ardhi usiohitaji futi kabisa. Weka alama tatu kwenye mstari mmoja ulionyooka, A, B na C. Pima A hadi B, B hadi C, halafu A hadi C kwa mpigo mmoja. Tuseme umepata 3.412, 2.655 na 6.067. Mbili za kwanza ukijumlisha unapata 6.067, leza iko sawa. Jumla ikizidi ile ndefu kwa milimita 5 na ikarudia hivyo kila ukipima, basi leza yako inaongeza milimita 5 kwenye kila kipimo, kifupi kwa kirefu. Tofauti ya milimita 2 au 3 isikusumbue, hiyo ni kawaida yake.

5. Piga kipimo cha kwanza. Bana kitako ukutani, kibonyeze kitufe mara moja uone doa, sogeza doa mahali unapotaka, bonyeza tena bila kutikisika. Ukisikia mlio, namba imekaa. Rudia mara tatu. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, usichukue wastani. Tafuta sababu kwanza: kitako hakijakaa bapa, au doa liko nusu kwenye ukuta na nusu kwenye fremu ya mlango.

Ukubwa wa doa lenyewe ni wa kuangalia. Kwenye leza ya kawaida, mita 10 mbele doa lina kama milimita 6, na mita 50 mbele linafika milimita 30 hivi. Nguzo nyembamba iliyo mbali haiwezi kulibeba lote. Sehemu ya mwanga itapita pembeni na kugonga kilichoko nyuma, na leza itakuletea namba isiyo ya nguzo wala ya ukuta.

6. Nyoosha, usipige kimshazari. Mstari ulioinama siku zote ni mrefu kuliko ulionyooka. Katika mita 10, ukiinama nyuzi 1 unaongeza milimita 1.5, haina shida. Nyuzi 3 zinaongeza karibu milimita 14. Nyuzi 5, milimita 38, na hapo mbao imeshapotea. Nyuzi 3 ni rahisi kuzikosa kwa macho, ingawa doa litakuwa limehama nusu mita kutoka mahali pake.

Dawa yake ni kipimo endelevu. Shikilia kitufe hadi namba zianze kubadilika zenyewe, kisha zungusha leza polepole huku kitako kimetulia, kushoto na kulia, juu na chini. Leza itashika namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote. Ndogo ndiyo umbali ulionyooka hadi ukutani. Kubwa unaitumia ukipima kona kwa kona.

7. Pima chumba. Vitufe vya eneo na ujazo vitakuzidishia wenyewe. Urefu 4.236 kwa upana 3.118 unatoa mita za mraba 13.208. Ukiongeza kimo cha 2.742 unapata mita za ujazo 36.216. Kwa rangi na vigae inatosha.

Kwa makabati haitoshi. Pima kuta zote nne, maana zinazotazamana ni nadra kulingana, halafu pima kona kwa kona mara mbili. Chumba hicho hicho kingekuwa na skweya, yaani pembe zote kamili, kona kwa kona zote mbili zingekuwa 5.260. Ukipata 5.274 na 5.246, basi ukuta wa mita 3.118 umekwenda upande karibu sentimita 1.7 kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Kabati lenye pembe kamili likiingia humo litaacha ufa upande mmoja. Pima pia kwa vimo vitatu: karibu na sakafu, usawa wa kiuno, na karibu na dari. Plasta hupinda hata ukuta ukiwa umesimama wima.

8. Pima vitu: masanduku, meza, mapipa, nguzo. Swali hili huja sana: "Nikielekeza kwenye sanduku itanipa urefu, upana na kimo?" Hapana. Leza ya mkononi hutoa umbali mmoja kwa kila mpigo. Mashine za maghala ya vifurushi, zinazotoa vipimo vyote kwa mara moja, ni ukoo mwingine: hutandaza mwanga kama mstari juu ya mzigo, kamera ikatazama kutoka pembeni jinsi mstari ulivyopinda, na kompyuta ikakokotoa umbo. Na zile za viwandani zinazopima unene wa waya au bomba hupitisha pazia la mwanga na kupima upana wa kivuli. Zote ni leza, ila hiyo uliyonayo mkononi haifanyi hayo.

Unachofanya ni hiki. Simamisha kibao kikabane upande wa mbali wa sanduku, kijitokeze juu au pembeni ili doa lipate pa kugonga. Linganisha kitako cha leza na ukingo wa karibu, ikiwezekana kwa kukibana na kibao cha pili. Piga juu ya uso wa sanduku, sambamba nao. Usipolinganisha kitako vizuri, kosa la kidole chako ni kubwa kuliko kosa la leza.

Nguzo ya duara au pipa ni vibao viwili, kimoja kila upande, vinavyotazamana sambamba na vyote vikigusa. Weka kitako cha leza kwenye uso wa ndani wa kibao cha kwanza, pale kilipojitokeza, piga kwenye uso wa ndani wa cha pili. Hicho ndicho kipenyo. Umbali kutoka mdomo wa tangi hadi usawa wa maji usiupige majini moja kwa moja. Elesha kipande cha plaiwudi, piga juu yake, ongeza unene wa plaiwudi unaobaki juu ya maji.

Kitu kifupi kuliko sentimita 20 mpe futi au kaliper, kile kifaa chenye taya cha kupimia vitu vidogo. Milimita 2 juu ya mita 5 si kitu, lakini juu ya sentimita 6 ni nyingi mno.

9. Kimo usichokifikia. Leza nyingi zina kitufe chenye kipicha cha pembetatu. Unasimama mbali, unapiga juu ya jengo, kisha unapiga mlalo hadi ukutani, wima chini ya pale ulipopiga kwanza, leza inakokotoa kimo kwa kanuni ya Pythagoras. Mpigo wa pili lazima uwe mlalo kwelikweli, tumia pima maji au kipimo endelevu. Mipigo yote miwili ianzie sehemu ile ile, kwa hiyo egemeza kitako kwenye kitu, usihamishe miguu. Na kimo hicho kinahesabiwa kutoka usawa wa leza, kwa hiyo ongeza kutoka leza hadi chini.

Usitarajie milimita hapa. Ukiwa mita 10 kutoka ukutani unapima kimo cha mita 2, mpigo wa juu unasoma 10.198. Ukikosea mpigo huo kwa milimita 2 tu, kimo kinakosea kwa sentimita 1. Sogea karibu na kosa linapungua: ukiwa mita 4 kutoka ukuta wenye kimo cha mita 3, milimita 2 zile zile zinakuwa kama 3 tu. Mimi naitumia njia hii kukadiria rangi, sikatii mbao kwa namba yake.

10. Andika papo hapo. Chora chumba kwanza, hata kwa mistari mibovu, halafu jaza namba kwenye mchoro. Namba nzuri isiyojulikana ni ya ukuta upi itakurudisha kupima upya.

Ikikataa au ikileta vituko

*Inaandika kosa nje mchana.* Jua linalizidi doa nguvu. Weka kibao cheupe kwenye shabaha, jitie kivuli, au subiri jioni. Leza zenye kamera ndogo ndani hukusaidia kulipata doa usiloliona.

*Inaandika kosa kwenye kioo, kigae au chuma kilichong'arishwa.* Haijaharibika. Mwanga umekwenda kwingine, au umerudi wote kwa mpigo ukaizidi. Bandika karatasi nyeupe au weka kibao. Kioo kisafi pia humruhusu mwanga apite, kwa hiyo unaweza kupata namba nzuri ya ukuta wa chumba cha jirani.

*Kwenye kitambaa cheusi au zulia inachelewa, kisha inakataa.* Rangi nyeusi hula mwanga. Kibao tena.

*Kwenye styrofoam (lile povu gumu jeupe la kufungia vyombo) namba imezidi kidogo.* Mwanga unazama ndani kabla ya kurudi. Funika kwa karatasi.

*Namba zinaruka bila mpango.* Futa lenzi kwa kitambaa laini, badilisha betri, egemeza mkono. Vumbi la saruji na mvuke kati yako na shabaha navyo hurudisha mwanga kabla haujafika.

*Inazimika au inaandika alama ya joto.* Nyingi zimeandikiwa mwisho wa nyuzi 40 au 50. Ndani ya gari lililofungwa juani joto hupita hapo. Iweke kivulini robo saa. Kuhusu joto kuharibu kipimo chenyewe, usijisumbue: nyuzi 1 ya hewa hubadilisha takriban sehemu 1 katika milioni, yaani milimita 0.05 katika mita 50.

*Herufi na namba za kosa.* Kila mtengenezaji ana zake, angalia karatasi iliyokuja na kifaa. Nyingi huwa zinasema moja ya manne: mwanga uliorudi ni mdogo, ni mwingi, joto limezidi, au mkono umetikisika.

*Imeanguka.* Rudia jaribio la A, B na C hata kama skrini haina ufa. Likikosea, pima mara kumi kwenye urefu unaoujua. Kosa likiwa lile lile kila mara unaweza kulijumlisha au kulitoa ukamalize kazi ya siku hiyo, kisha uipeleke kwa wanaozirekebisha. Likiwa linahamahama, rudi kwenye futi ya chuma, na usiifungue leza mwenyewe: ukigusa lenzi zilizopangwa ndani hutaweza kuzirudisha.